Kufuli la Mrefu

Mtaani walimwita Bwana Tanuri, na jina lilimkaa sawasawa, kwanza kwa sababu alikuwa mwoka mikate, na pili kwa sababu alikuwa mwepesi wa kuwaka. Mkewe alikuwa mtu wa aina nyingine kabisa. Alikuwa msimamizi wa zamu kwenye kituo cha kupozea umeme, kule mji unakoishia, na mafundi wake walimwita Mama Kufuli. Hata nyumbani alikuwa hivyo hivyo. Alifunga mlango, akaujaribu, akaenda kitandani, akaamka kuujaribu tena. Bwana Tanuri alipenda kuwaambia wageni kwamba siku yeye akifa, mkewe atarudi makaburini kuangalia kama kaburi limefungwa vizuri. Wageni walicheka, na mkewe naye alicheka, kisha akaenda jikoni kuangalia kama gesi imezimwa.

Sasa, kulikuwa na kikombe kimoja cha kauri, katika vile vinavyoshikilia nyaya juu ya transfoma kubwa, ambacho kilikuwa kimeingia ufa. Kikombe cha namna hiyo hakibadilishwi umeme ukiwa unapita. Kwa hiyo gari la matangazo lilizunguka mitaani kuwaambia watu kwamba umeme utakatwa asubuhi, na utarudi saa sita mchana. Mji mzima ulisikia. Bwana Tanuri alisikia mara mbili, maana asubuhi ile mkewe alimwambia kwa mdomo wake mwenyewe, huku akifunga kamba za viatu vyake vizito.

"Baba, saa tatu nazima. Usianze kitu ambacho hutakimaliza."

"Saa tatu yenu naijua mimi," alijibu Bwana Tanuri. "Saa tatu ya watu wa umeme ni saa nne na vijisababu."

Alichosahau ni kwamba safari hii mwenye kuzima ni mkewe.

Na siku yenyewe haikuwa siku ya kubahatisha. Baada ya kupiga hodi mpaka akachokwa, Bwana Tanuri alikuwa amekubaliwa kuipelekea mikate shule ya bweni ya wasichana, na huo ndio ulikuwa mzigo wa kwanza. Mpishi mkuu wa shule alikuwa amemwambia bila kupepesa macho: mikate ifike kabla ya chakula cha jioni, la sivyo kesho wanarudi kwa yule wa zamani. Bwana Tanuri hakulala. Alikuwa ameoka miaka yote kwa kuuza mkate mmoja mmoja dirishani, na sasa kwa mara ya kwanza mtu alikuwa amemwagiza kwa kreti.

Alikuwa na msaidizi mmoja tu, dada yake wa mwisho kuzaliwa, ambaye ukoo mzima ulimwita Kitinda hata baada ya kuwa mtu mzima mwenye maoni yake. Kundi la kwanza la mikate lilikuwa tayari kwenye makopo, likingoja tanuri la umeme lipate moto. Bwana Tanuri akamimina unga wa kundi la pili kwenye mashine ya kukandia. Mashine hiyo ilikuwa kuukuu, na beseni lake lilitosha kumwogeshea mtoto. Ndani yake ulizunguka mkono wa chuma uliopinda, mnene kuliko mkono wa mtu. Zamani ulikuwa na kifuniko cha waya cha kuzuia vidole, lakini kilivunjika, kikawekwa uani kitengenezwe, na huko uani kuku wakakifanya kiota.

Mkono ulikuwa haujazunguka vya kutosha umeme ulipokatika. Saa tatu kamili.

"Mke gani huyu," alisema Bwana Tanuri.

Kitinda aliangalia ukutani, nyuma ya magunia ya unga, ambako swichi ya mashine ilikuwa imejificha. "Kaka, niizime?"

"Iache. Ukirudi tu, itajiendea yenyewe. Sitaki kupoteza hata dakika."

Saa sita ikafika, umeme haukurudi. Bwana Tanuri akawa anakwenda mlangoni na kurudi. Unga kwenye mashine ukaanza kupanda juu, ukatoa mapovu, ukanuka uchachu. Kinyozi wa jirani, ambaye mashine zake zilikuwa zimelala kimya na mteja mmoja amebaki na kichwa nusu, alisimama barazani akitoa hotuba kuhusu watu wa umeme wanaolala kazini. Bwana Tanuri alimwunga mkono kwa sauti, akasahau kwamba anamsema mkewe. Halafu akadandia pikipiki na aproni yake kiunoni, akaenda kituoni kuwaamsha hao wanaolala.

Alikuwa akifika pale mara kwa mara kumletea mkewe chakula, na kila mara aliishia kwenye kibanda cha mlinzi, nje ya uzio. Hakuwahi kupapenda. Minara ilikuja kutoka mbali, ikapita juu ya mashamba ikiwa imebeba nyaya nene, mpaka ikafika pale na kuzishusha kwenye uwanja wa kokoto. Mkewe alikuwa amemweleza mara nyingi. Umeme unafika pale ukiwa na msongo mkubwa ambao ukiuingiza nyumbani, utakuta majivu. Transfoma inaupunguza mpaka uweze kuingia kwenye taa na pasi bila kuua mtu, ndiyo maana watu wakasema unapozwa, kama chai ya mtoto. Pembeni zilisimama swichi kubwa, kila moja imepita kimo cha mtu, na kazi yake ni kuukata umeme hitilafu inapotokea, kabla hujamaliza kupepesa jicho. Siku nyingine zote uwanja ule ulivuma, mvumo mzito ambao mtu aliusikia kifuani kuliko masikioni. Siku hiyo ulikuwa kimya, na ndege alikuwa ametua juu ya transfoma akijisafisha manyoya.

Kazi ilikuwa imekwisha, hilo hata mwoka mikate aliliona. Kikombe kipya kilimeremeta kahawia pale juu. Ngazi zilikuwa zimelazwa chini. Mafundi walikuwa wamekaa kivulini wakinywa maji, na mkewe alikuwa amesimama peke yake mbele ya sanduku jekundu lililotundikwa kwenye ukuta wa chumba cha kuongozea mitambo. Akamwita. Mkewe akaja mpaka kwenye uzio, kofia ngumu kichwani, uso umetulia.

"Mmemaliza?" aliuliza Bwana Tanuri.

"Tumemaliza."

"Sasa mnangoja nini, mama watoto? Mwaliko?"

"Tunangoja kufuli moja."

Hapa lazima nieleze, maana jambo lenyewe ndilo hili. Pale kituoni, kabla mtu hajagusa kitu, umeme unakatwa, unapimwa kama kweli umeondoka, na nyaya zinafungwa waya za kupeleka ardhini umeme wowote utakaojipenyeza. Kisha ufunguo wa kuurudisha unatiwa ndani ya lile sanduku jekundu, na kila anayeingia uwanjani, awe mhandisi au mfagiaji, anatia kufuli lake kwenye sanduku na kuondoka na ufunguo wa kufuli hilo. Kazi ikiisha, kila mmoja analifungua la kwake kwa mkono wake. Likibaki hata moja, sanduku halifunguki, na mji unakaa gizani. Hakuna wa kukufungulia wewe, hata akiwa ndugu yako, hata akiwa bosi wako.

Kufuli lililobaki lilikuwa la fundi waliyemwita Mrefu, yule aliyefunga kikombe chenyewe. Vumbi la kauri lilikuwa limemwingia jichoni, mwenzake akamtoa kwa mlango wa nyuma, akampeleka zahanati kwa miguu na kurudi peke yake. Mrefu alikwenda na ufunguo wa kufuli mfukoni, na simu yake aliiacha kabatini. Dereva wa kituo alikuwa ameshatumwa kumfuata.

"Kwa hiyo yupo zahanati," alisema Bwana Tanuri.

"Ndivyo ninavyoambiwa."

"Si ameonekana akitoka?"

"Ameonekana akitoka. Nani ameona kwamba hakurudi?"

Bwana Tanuri alishika waya za uzio kwa mikono miwili. Alijitahidi kusema kwa upole, na upole haukuwa kipaji chake. "Mke wangu, uwanja si huu hapa? Mtu mwenyewe si anaitwa Mrefu? Angekuwa humu ungemwona. Una mkasi wa chuma, mimi najua unao. Kata hilo kufuli, nitamnunulia jingine."

"Tumeutembea uwanja wote, na sijamwona. Hata hivyo sikati."

"Hata kwa ajili yangu?"

Mkewe alijua habari za shule, alikuwa amezisikia usiku kucha kitandani. "Ungekuwa wewe ndiye Mrefu, ungetaka nikate kwa ajili ya mume wa nani?" alisema, na hakusema kwa hasira.

Simu ya kazini ikalia ndani. Alikuwa meneja, na sauti yake ilifika mpaka kwenye uzio kupitia dirisha lililo wazi. Aliuliza kama yeye Mama Kufuli anajua ni watu wangapi wanampigia. Mama Kufuli akajibu ndiyo mzee, naelewa mzee, nikishamwona mzee. Alimjibu vile vile mara tatu nne, bila kupandisha wala kushusha, mpaka meneja akakata mwenyewe. Bwana Tanuri aliyekuwa amekuja kugombana alijikuta anamwonea meneja huruma kidogo, maana yeye alikuwa amekwisha kuishi na mwanamke huyo na alijua ukuta ulivyo mgumu.

Ndipo ujumbe wa Kitinda ulipoingia kwenye simu yake. Kaka, unga unamwagika, nautoa kwa mkono nikaukande mezani.

Hasira yote ikarudi. "Umesikia?" alimpigia mkewe kelele kupitia dirishani. "Kitinda ameanza kuutoa unga kwa mkono! Kwa ajili ya kufuli la mtu aliyeingiwa na vumbi! Kata, nakwambia!"

Mkewe alikuwa tena na simu sikioni, na hakugeuka.

Haukupita muda, gari la kituo likaingia likitimua vumbi. Mrefu akashuka akiwa amebandikwa pamba kwenye jicho moja, aibu imemjaa, ufunguo ameushika mbele kama mtu anayerudisha kitu cha wizi. Bwana Tanuri alitegemea mkewe atamchamba mtu huyo mpaka ajute kuzaliwa na macho. Badala yake alimuuliza kwanza jicho linaendeleaje. Kisha akatembea naye taratibu mpaka chini ya transfoma, wakasimama pale alipofanyia kazi. Mrefu akaonyesha hiki kimefungwa, kile kimetolewa, waya za ardhini zimerudi zote mahali pake. Wakarudi. Mrefu akatia ufunguo, kufuli likaachia. Mama Kufuli akafungua sanduku, akautoa ule ufunguo mkubwa.

Bwana Tanuri alishusha pumzi. Kama tanuri likipata moto sasa hivi, lile kundi la kwanza lingeiva, na kundi la pili wangelifufua namna fulani. Alikwisha kuanza kuwaza makreti.

Lakini Mama Kufuli hakwenda kwenye swichi. Aligeuka, akasema neno moja. "Mikono."

Desturi hii haimo kwenye kitabu chochote cha kazi. Ni ya pale pale kituoni, na hakuna anayekumbuka aliyeianzisha. Kila mtu aliyeingia uwanjani siku hiyo alisimama kwenye mstari nje ya kokoto, akainua mikono yake miwili na kuifungua vidole. Mama Kufuli akapita mbele yao akitazama, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja akasema, "Mikono yangu hii hapa." Walisema wakitabasamu kidogo, maana ni watu wazima na wanajua wanavyoonekana, lakini hakuna aliyeacha kusema. Mikono ya mafundi ilikuwa na grisi. Mfagiaji wa uwanja alikuwa na glavu, akaambiwa avue, akavua. Mrefu aliinua ya kwake juu kuliko wote.

Bwana Tanuri aliitazama mikono ile imepangana, vidole vimefunguka, mizima yote. Bila kutaka, akaiona mingine. Aliona mikono ya dada yake. Aliiona imeingia kwenye beseni mpaka viwikoni, vidole vinakwangua unga ulioganda nyuma ya ule mkono wa chuma. Akaiona swichi nyuma ya magunia, ilivyoachwa.

"Subiri," alisema. Sauti ilitoka ndogo mno, hakuamini kama ni yake. "Mama, subiri. Usiwashe."

Wapo watu ambao wangeuliza kwanza. Mimi nadhani ningeuliza. Mwanamume aliyeshinda amening'inia kwenye uzio akidai umeme, sasa hataki umeme, nani asingetaka kujua kulikoni? Mama Kufuli hakuuliza. Aliurudisha ufunguo ndani ya sanduku, akachomoa kufuli lake mwenyewe kiunoni, akalitia, likalia kat. Hapo ndipo alipokuja kwenye uzio.

"Sema," alisema.

"Kitinda ana mikono ndani ya mashine. Sikuizima. Nilimwambia aiache."

Mkewe alifumba macho, akayafumbua. "Mpigie."

Alipiga. Simu ikaita mpaka ikachoka. Akapiga tena. Na ingepokewaje, na mwenye simu amejaa unga mikononi? Mama Kufuli alikwisha kumgeukia dereva. "Mpeleke. Na wewe, baba, ukizima usinitumie ujumbe. Nipigie. Nataka kumsikia yeye mwenyewe."

Gari lilipoondoka, Bwana Tanuri alisikia simu ya kazini ikilia tena, halafu sauti ya mkewe dirishani, ile ile isiyopanda wala kushuka. Hapana mzee. Bado mzee. Kufuli ni la kwangu mzee.

Njia nzima alikuwa akimwazia meneja. Kila mtu ana mtu juu yake, na hata mkewe aliweza kuchoka, au kuogopa kufukuzwa, au kukumbuka kwamba mume mwenyewe ni mtu wa vurugu asiyejua anachotaka. Kila walipopita duka alichungulia ndani kuona kama taa imewaka. Zilikuwa zimezimika zote. Hakuwa amewahi kulipenda giza namna ile.

Aliingia kwa kishindo. Kitinda alikuwa ameinama juu ya beseni, bega limegusa ukingo, mkono mmoja umezama nyuma ya chuma kiasi kwamba kiwiko hakikuonekana. Mezani simu yake ilikuwa imejaa wito wa kaka yake.

"Kaka, unanipigia mfululizo kama unadai," alisema bila kuinua kichwa. "Huoni nimeshikika?"

Bwana Tanuri alivamia magunia, akayaangusha, unga ukapaa hewani, akaipata swichi na kuizima. Kisha akauchomoa na waya ukutani. Kisha akauzungusha waya ule mkononi mwake na kukaa nao chini, sakafuni, kwenye unga. Kitinda alimtazama, akaitazama swichi, akautazama mkono wake uliokuwa bado ndani. Akautoa polepole sana.

Bwana Tanuri akapiga simu. Mkewe akapokea kabla haijaita vizuri.

"Nimezima. Nimechomoa."

"Nipe Kitinda."

Akamshikia simu sikioni, maana msichana alikuwa bado ana unga mpaka viwikoni. Kitinda alisikiliza. Kisha akainua mikono yake miwili juu, mbele ya ukuta mtupu, kana kwamba wifi yake anaiona, akafungua vidole vyote.

"Wifi," alisema, na sauti ikamkatika kidogo, "mikono yangu hii hapa."

Kisha friji ikashtuka na kuanza kunguruma, taa ya dirishani ikawaka, na mtaa mzima ukapiga yowe la furaha. Mashine ya kukandia ilibaki imetulia, mkono wake wa chuma umesimama pale pale uliposimama tangu asubuhi.

Kundi la pili lilitupwa lote. La kwanza lilikuwa limeumuka kupita kiasi, likatoka tanurini na vichwa vimebonyea, na shuleni lilifika wasichana wakiwa wamekwisha kukaa mezani. Mpishi mkuu aliubonyeza mkate mmoja kwa kidole, akasema tutaona. Siku nyingine Bwana Tanuri angewaka. Siku hiyo alimshukuru, akapakia makreti matupu, akapita dukani kununua kufuli, akarudi nyumbani. Kisha akaenda uani, akawafukuza kuku na kukitoa kile kifuniko cha waya.

Alikuwa barazani akikinyoosha kwa nyundo mkewe alipotokea na mkoba wake begani, uso umechoka. Alipita kwanza ndani. Bwana Tanuri alimsikia akiivuta ile swichi, akilivuta kufuli jipya lililotiwa juu yake, akilivuta tena. Hakumtania.

Kinyozi akatoa kichwa dirishani kwake. Hakuwa amemwona mama mwenye nyumba akiingia.

"Jirani," alisema, "saa sita ikawa saa nane! Hivi hawa watu wako huko walikuwa wanafanya nini muda wote ule?"

Bwana Tanuri aliweka nyundo chini. Mlangoni Kitinda alikuwa amekaa, anakula ubavu wa mkate uliobonyea, akiumega kwa mikono yake yote miwili.

"Walikuwa wanatazama mikono," alisema.

"Mikono ya nani?"

Bwana Tanuri alimtazama Kitinda akimega mkate, kisha akaichukua tena nyundo yake.